Miaka Sita Nikiwa Bi Helga

Ghati, uliyerithi kitanda changu chuoni, na wengine mtakaofuata baada yako, kwanza mnivumilie mwandiko. Naandika daftari likiwa juu ya goti, kwa sababu meza pekee ya nyumba hii imejaa dawa na beseni. Niliishia darasa la nane, na hata huko kengele ya mapumziko ilinikuta kila mara bado naandika kichwa cha insha. Mkikuta s mahali panapotakiwa sh, jueni ni ulimi wa kwetu umeteleza mpaka kwenye kalamu. Sista Robi amepitia kurasa za mwanzo na kunirudishia sh zangu zote. Kurasa za mwisho sikumpa, kwa hivyo huko mtajitegemea.

Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na sita. Nilipomwambia Direkta wa chuo neno hilo, kustaafu, alicheka mpaka akavua miwani.

“Awino, watu hustaafu wakizeeka.”

Nikamwambia nimekuwa na miaka themanini na saba kwa miaka sita mfululizo, na aliyeniandikia umri huo ni yeye. Akavaa miwani tena. Jibu lingine sikuwa nalo, maana hilo moja nililifanyia mazoezi usiku kucha.

Sababu ya kustaafu kwangu imelala mbele yangu. Ni Dani, mama yake baba, aliyenilea hapa nyuma ya soko la Kosele. Upande wake wa kushoto ulikufa kwa kiharusi mwaka jana. Tangu siku hiyo familia yetu ina swali moja tu: nani atamgeuza na nani atamwogesha. Nimeliona swali hilo likizungushwa nchi tatu kwa simu na kurudi hapa likiwa vilevile. Lakini wewe Ghati uko kwenye siku yako ya kwanza, kwa hivyo na mimi nianze na yangu.

Chuo cha kufundisha walezi wa wazee wa Ujerumani kilikuwa pale pale kilipo leo, Oyugis, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ambako mwalimu akitaka kusema jambo la maana lazima angoje bati limalize kukatwa. Nilikwenda kutafuta kazi ya kupiga deki. Direkta aliniangalia kuanzia viatu kwenda juu.

“Unajua kupiga deki?”

“Ndiyo, Madam.”

“Unajua kulala?”

Nilidhani ni swali la adabu mbaya.

“Kulala tu, kitandani, bila kujitikisa. Yule wa kwanza alikuwa anacheka akishikwa mbavu. Wewe unacheka ovyo?”

“Hapana, Madam.”

“Unaongea sana?”

Sikujibu, na hilo ndilo lililonipatia kazi.

Nilipewa gauni la kulalia lenye maua, soksi ndefu na nywele za bandia za kijivu zilizonuka dawa ya nondo. Juu ya kichwa cha kitanda palibandikwa karatasi. Jina: Bi Helga. Umri: themanini na saba. Upande wa kushoto haufanyi kazi. Sikio la kulia halisikii. Hunywa chai bila maziwa. Watoto: hakuna. Jamaa wa karibu: hakuna.

Nilifikiri aliyejaza karatasi ile aliitwa kwenda kula kabla hajamaliza.

Kazi yenyewe mtaijua, lakini yako mambo ambayo hakuna atakayewaambia. Kuwa mzito ni ufundi. Ukitaka mwanafunzi ajifunze, toa pumzi yote, legeza shingo, mwachie mkono wako wa kushoto uanguke kama kitambaa chenye maji. Usimsaidie hata akikupendeza. Mwanafunzi anayekuinua kwa kwapa mpe sauti ya maumivu, kwa sababu bega la mtu aliyepooza huteguka hivyo. Anayepinda mgongo badala ya magoti mwache, mgongo utamwambia wenyewe. Ile shuka ya kutelezesha ikunjwe kwa urefu, si kwa upana. Na kile kitanda, kile cha kuinuliwa kwa mkono wa kuzungusha, kina meno mawili yaliyovunjika. Ukisikia kimelia mara mbili, shika ukingo, kinakuja chini chenyewe.

Kijerumani nilijifunza maneno manne, yote ya kulalamika. Maji ni baridi. Hapana. Inauma. Mnachelewa. Sista Robi alisema hayo yananitosha kuishi Ulaya miaka mingi.

Sista Robi ndiye aliyenifundisha kila kitu ninachojua. Alikuwa nesi huko Migori mpaka akastaafu kwa njia ya kawaida, yaani akiwa mzee kweli. Ni Mkuria wa upande wa Kehancha, na kwa vile Kijaluo chake ni cha kununulia samaki tu, darasa zima lilisoma kwa Kiswahili, na ndiyo maana na haya nayaandika kwa Kiswahili. Hakutumia vitabu vilivyoletwa na wageni. Alikuwa akiingia, anakunja mikono ya sweta, anatia kiwiko kwenye beseni.

“Kiwiko hakidanganyi. Kidole cha mtu aliyezoea sufuria kitakwambia maji ni ya vuguvugu, kumbe unamchemsha bibi ya watu.”

Uso kwanza, bila sabuni. Kitambaa cha uso hakishuki chini. Nguo inaanza kuvishwa upande uliokufa, na ukivua, upande uliokufa unakuwa wa mwisho. Katikati ya vidole vya miguu pakauke kabisa. Kila saa mbili mgeuze, kisha uangalie kisigino, nyonga na mfupa wa mkia. Ngozi ikiwa nyekundu na haibadiliki ukiibonyeza, umechelewa. Wanafunzi walipolalamika kwamba kazi ni ngumu aliwaambia, “Mnalia hapa kwa Awino ambaye ana kilo hamsini? Huko mnaenda kukutana na watu waliokula siagi tangu vita viishe.”

Walikuja kwa makundi. Wa Rongo, wa Kendu, wa visiwani. Wengi walikuwa na cheti cha sekondari, wengine cha chuo, na mmoja alikuwa amefundisha hesabu. Walijifunza kufuta makalio yangu juu ya gauni huku wakitamka kwa Kijerumani, samahani, sasa nitakugeuza kulia. Kisha waliondoka. Niligeuzwa na watu ambao sasa wako Ujerumani kote. Ukiwaweka pamoja wangejaza wadi, lakini wadi ya kwetu hapa ina nesi mmoja, naye anasoma Kijerumani wakati wa chakula.

Mwaka wangu wa tatu alikuja mgeni kutoka huko kutueleza kwa nini tunahitajika. Alizungumza Kiingereza na Direkta akatafsiri. Alionyesha ukutani mchoro wa watu wa nchi yetu kwa umri. Ulikuwa mpana chini na umechongoka juu, kama kichuguu. Kisha akaonyesha wa kwao. Chini kwembamba, katikati na juu kunene, kama mtungi uliotuliwa juu ya kikombe.

“Hiyo itaanguka,” Sista Robi akasema.

Direkta akatafsiri. Mgeni akatikisa kichwa kukubali. “Ndiyo maana niko hapa.”

Mwanafunzi mmoja aitwaye Ouma, kijana wa Remba aliyekuwa akiuza omena, dagaa wa ziwani, kabla ya kuingia chuoni, aliinua mkono.

“Watoto walienda wapi?”

“Hawakuzaliwa.”

“Kulikuwa na vita?”

“Hapana. Maisha ni ghali. Nyumba ni ndogo. Watu wana shughuli.”

Mle darasani kulikuwa na watu waliozaliwa saba katika chumba kimoja, na Ouma alitoka kisiwa ambacho mabati yamebanana hivi kwamba ukipiga chafya jirani anakuombea uzima bila kutoka kitandani. Wote waliinama wakaandika daftarini: nyumba ni ndogo.

Mgeni akaendelea. Kuna miji kwao ambako shule zimefungwa na kugeuzwa nyumba za wazee, kwa kuwa vyoo vilikuwa vimeshajengwa. Kuna vijiji ambako basi linapita tupu. Kuna madereva wenye umri wa babu zetu, kwa sababu hakuna wa kumpokea mtu usukani. Alisema hayo kwa huzuni, na ninaamini ilikuwa huzuni ya kweli, lakini mimi nilikuwa nimelala pale na nywele za bandia na mawazo yangu yalikuwa kwingine. Mama yangu aliwahi kukalishwa chini ya hema, na watu waliotoka pande hizo hizo wakamwambia kwa upole kwamba watoto wanane ni wengi mno. Mimi ni wa saba. Sasa wamerudi wakimtafuta wa nane, awashikie bibi zao mkono. Wangetuarifu mapema tungeweka akiba.

Baada ya mgeni kuondoka, darasa lilibaki likibishana juu ya karatasi ya Bi Helga.

“Hii fomu haijajazwa,” Ouma akasema. “Hakuna mtu asiye na mtu. Hata kama hakuzaa, kuna watoto wa dada.”

“Hakuwa na dada,” Direkta akasema.

“Wa binamu basi.”

“Ouma, imeandikwa hakuna.”

“Alifanya kosa gani?”

Direkta alimwambia aache, kwamba huko ni kawaida, na kwamba kwenye mtihani anayeandika kitu kingine pale anakosa alama. Akaweka sheria ambayo mtaikuta bado ukutani: mlezi haulizi mambo ya ukoo wa mgonjwa, wala hatoi ya kwake. Jina la kwanza, tabasamu, kazi.

Kundi hilo lilikuwa na Akinyi, binti ya shangazi yangu, ambaye Dani alitulea naye kitanda kimoja. Yeye alifika kidato cha nne na alama nzuri, na ulimi wake haukuona aibu ya lugha yoyote. Alifaulu akinigeuza mimi. Siku ya mtihani aliniinamia sikioni, lile linalosikia, akanong'ona kwa Kijaluo, “Jifanye mwepesi kidogo.” Sikujifanya. Alinigeuza hivyo hivyo, vizuri kuliko wote. Miezi michache baadaye alimuaga Dani akisema mwaka unaofuata atarudi kumwona. Hiyo ilikuwa miaka mitatu iliyopita. Kule anakohudumu, kila akitaja likizo, anaambiwa hakuna mtu wa kushika zamu yake, na hilo ni kweli. Ndilo lililompeleka.

Kisha Dani akaanguka akiwa anaanika mtama. Jirani alimkuta mdomo umekwenda upande. Nilipofika hospitali nilimtazama na nikajua kila kitu kabla ya daktari kusema. Upande wa kushoto. Mkono kama kitambaa chenye maji. Mimi nilikuwa nikiigiza hilo kila siku kuanzia asubuhi hadi saa kumi, na saa kumi nilikuwa naamka, navaa sketi yangu na kwenda nyumbani.

Familia ilikutana kwa simu. Baba mkubwa alikuwa Nairobi, baba mdogo Doha, Akinyi Ujerumani, na mimi nilishika simu juu ya kitanda ili wote wamwone Dani. Mama, baba na shangazi wameshafariki, na ndugu zangu wote saba wako mbali kikazi na hawakupatikana, kwa hivyo hao ndio waliokuwapo. Baba mkubwa akauliza baba mdogo anaonaje. Baba mdogo akauliza Akinyi, kwa sababu ndiye aliyesomea. Akinyi akaanza kuniambia.

“Awino, mgeuze kila saa mbili.”

“Najua.”

“Nguo uanze upande wa kushoto.”

“Akinyi, uliyekuwa unamvisha ni mimi.”

Nyuma yake niliona kitanda cheupe na mkono wa mzee ukining'inia. Alikuwa amejificha dakika mbili kutoka kwa bibi wa wengine ili amwangalie wake. Kengele ikalia, akakata.

Direkta alipopata habari alikuja na suluhisho, na sitasema lilikuwa baya. Wanafunzi wangekuja kwa Dani kila Jumanne na Ijumaa kufanya mazoezi kwa mgonjwa halisi. Siku nyingine jirani angemtazama mpaka nitoke kazini. Baba zangu walikubali kabla hajamaliza sentensi. Baba mkubwa alisema ni baraka. Watu hutumia sana neno hilo wakiondolewa kazi.

Jumanne ya kwanza waliingia watatu na glovu, barakoa na beseni. Wakamsalimu Dani kwa Kijerumani, kwa pamoja. Dani aliwaangalia mmoja mmoja. Mdomo wake ulikuwa umepona kiasi cha kusema.

“Hawa ni watoto wa nani?”

Wakafuata sheria. Jina la kwanza, tabasamu, kazi.

“Mimi ni Mercy,” mmoja akasema, akatabasamu ndani ya barakoa.

“Mercy wa nani?”

Mercy akatazama beseni. Dani akashika ukingo wa beseni hilo kwa mkono wake mzima, na nawaambia mkono ule umepalilia mtama zaidi ya miaka sitini. Hakuliachia. Maji yalipoa. Sista Robi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alivuta pumzi.

“Mercy, sema wewe ni mtoto wa nani.”

“Sista, sheria inasema...”

“Sheria iko Oyugis ukutani. Sema.”

Mercy akasema. Baba yake fulani, wa upande wa Rangwe, mama ametoka Kabondo. Dani akauliza bibi yake. Akaambiwa. Akauliza kama huyo bibi ni yule aliyeuza vyungu. Ndiye. Akaliachia beseni na kuinua kidevu aoshwe uso. Toka siku hiyo kila aliyeingia alianza kwa kujieleza. Ilichukua muda mrefu kuliko kuoga kwenyewe, lakini Dani alianza kula, akaanza kuwakemea, na ngozi yake haikupasuka. Mimi nilikuwa nikienda Oyugis kulala kitandani nikiwa na moyo mtulivu, nikijua nyumbani kuna anayemgeuza aliye halisi.

Ikaendelea hivyo miezi kadhaa, mpaka yule mgeni wa michoro akarudi kama mtahini. Alitaka kuona mtihani ukifanyiwa nyumbani kwa mzee wa kweli. Kura ya kumwogesha ilimwangukia Ouma, ambaye alikuwa amerudi, miaka ikiwa imepita, kurudia mtihani kwa sababu mara ya kwanza, pale pa jamaa wa karibu, aliandika “aulizwe chifu.” Hakuwa amewahi kufika kwetu. Aliingia akiwa safi, glovu zimembana, beseni mikononi, mtahini nyuma yake na karatasi, Direkta nyuma ya mtahini. Ouma alikuwa amesikia desturi ya Dani, akaanza mwenyewe bila kungoja.

“Dani, mimi ni Ouma, mwana wa Otieno, tuko Remba, ila asili ni Karungu.”

“Umeoa?”

“Nimeoa.”

“Umeoa kwa nani?”

Hapo nilipaswa kukohoa, lakini na mimi sikuwa nimejua. Ouma akataja jina la baba ya mke wake, kijiji, na soko lililo karibu. Alipokuwa akitaja soko sauti yake ilipungua, kwa sababu ndipo alipoanza kuona amesimama wapi. Alikuwa amemchukua msichana Oyugis wakakaa pamoja, na bado hajafika kwa wakwe hata mara moja. Mke wake ni binti ya mdogo wa babu yangu, yaani shemeji yake Dani, aliyemzaa binti huyo na mke wake wa mwisho. Kwa maneno mengine, Dani ni mama wa mke wake. Ni maro wake, mama mkwe, mtu ambaye hatakiwi hata kumwona akila. Naye amekwenda kwake mara ya kwanza, bila ng'ombe, bila mshenga, na beseni la maji ya kumwogeshea.

Dani alivuta shuka mpaka kidevuni. “Mtoeni huyu.”

Hakuhitaji kutolewa. Ouma aliweka beseni chini, au alidhani ameliweka. Maji yakampata mtahini viatuni. Akatoka kinyumenyume akiwa ameinamisha uso, akagonga mlango kwa mgongo, akapotelea kwenye mtama. Sista Robi aligeukia ukuta. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

“Hata kwetu Kehancha hiyo ina faini ya mbuzi,” akasema baadaye.

Direkta alijaribu kueleza kwa Kiingereza. Alitumia maneno mengi na mikono yote miwili. Mtahini alisikiliza kwa heshima, akapangusa viatu, akaandika mistari miwili. Niliiona karatasi, maana Direkta aliniachia niibebe. Juu ya Ouma, aliyezaliwa katikati ya ziwa: “Mwanafunzi anaogopa maji.” Juu ya Dani: “Mgonjwa hatoi ushirikiano. Asitumike tena.”

Basi hakutumika tena. Ijumaa hiyo hakuja mtu. Jumanne hakuja mtu. Dani aliniuliza Mercy wa Rangwe yuko wapi, nikasema ana mtihani. Jirani naye akaitwa na mwanawe Mombasa akalee mjukuu. Nilijaribu majuma mawili kuwa Bi Helga mchana na Awino jioni. Nilimwacha Dani asubuhi nikiwa nimemlaza upande wa kulia, nikamkuta jioni upande ule ule. Siku moja nilimkuta na doa jekundu kwenye nyonga. Nililibonyeza. Halikubadilika.

Nilikodi pikipiki, nikamkalisha Dani katikati, mimi nyuma nikimkumbatia, tukaenda kituo cha afya. Kulikuwa na foleni. Nesi wa dirishani alikuwa na fomu.

“Jina la mgonjwa?”

Nikasema.

“Jamaa wa karibu?”

Nikasema baba mkubwa. Akauliza namba yake, akapiga, haikushikwa. Nikasema baba mdogo.

“Yuko wapi?”

“Doha.”

“Mwingine.”

“Akinyi. Ni mjukuu. Yeye amesomea.”

“Yuko wapi?”

Nikasema. Nyuma yangu mzee mmoja akaguna. Nesi akaweka kalamu chini.

“Dada, sikuuliza jamaa wa mbali. Karibu ni karibu. Nataka mtu ambaye nikimwita sasa hivi anafika kwa miguu. Yupo au niandike hakuna?”

Miaka sita nililala chini ya neno lile. Nililisoma kila asubuhi nikivalishwa soksi, na nililicheka, na darasa zima lililicheka, sisi watu wa saba kwa chumba kimoja. Ukipita nyumba kwa nyumba hapa nyuma ya soko, nyumba nzuri za vigae zilizojengwa na pesa za nje, ukibisha hodi anakuitikia mzee, na mbwa. Sisi mchoro wetu bado ni kichuguu, lakini mchwa wote wameruka.

Nikamwomba kalamu. Niliandika jina langu mwenyewe, polepole, kwa sababu sijui kuandika kwa njia nyingine. Foleni ililalamika. Mzee wa nyuma alisema, “Huyu anaandika Biblia?” Nikamaliza herufi zote. Kesho yake nilirudisha gauni la maua na nywele, nikamwambia Direkta nimestaafu.

Doa limefunga. Namgeuza kila saa mbili, na kati ya hizo saa mbili ndipo ninapoandika, kwa hivyo msishangae mawazo yakikatika. Ouma alikuja mwezi uliopita na mshenga na ndama, akasimama nje ya boma mpaka akaitwa. Mtihani ameacha. Anasema hawezi kazi ambayo hujui unayemwogesha ni nani yako. Akinyi hupiga simu Jumapili. Ananifundisha, mimi namwacha.

Juzi nilimweleza Dani kazi niliyokuwa nikifanya, maana miaka yote alidhani napiga deki. Nikamwambia habari za Bi Helga, chai bila maziwa, sikio la kulia.

“Mtoto wa nani?” akauliza.

“Haikuandikwa.”

“Na wewe hukuuliza. Miaka sita.”

Nikainama kumnyooshea shuka.

“Waulize walioko huko,” akasema. “Wote. Hao wazee wana mama zao, hawakuokotwa sokoni.”

Kwa hivyo hili ndilo ombi langu, Ghati, na uwapelekee wote walionigeuza ambao chuo bado kina namba zao. Kila mmoja amuulize anayemwogesha ni mtoto wa nani, mama alitoka wapi, bibi alikuwa akiuza nini. Aulize kabla ya kumvua. Kisha aniandikie, na wewe unishushie barua ukipita Kosele siku ya soko. Niandikieni kwa herufi kubwa, kwa sababu nasoma kama ninavyoandika, na Dani hapendi kungojeshwa. Na asiwepo wa kuniandikia “hakuna.” Dani ameshasema hilo si jibu, ni uvivu wa kuuliza.